Siku Shikamoo Ilipogeuka s1

Nakumbuka siku niliyonusurika kumkosa mke wangu Neema kwa sababu ya kubana msimbo wa JavaScript, yaani kuyafupisha maandishi yanayoendesha ukurasa wa mtandao ili ufunguke upesi, mwanangu. Mpaka leo akianza kuisimulia, mimi hutoka nje kuangalia kuku.

Nilikuwa nimepeleka posa kwao Bagara. Baba yake, mwenyekiti wa wakulima wa mbaazi, hakukataa wala hakukubali. Alisema tu, "Tengeneza ukurasa wa bei za mbaazi unaofunguka kwenye simu yangu hii, ndipo tuongee." Simu yenyewe ilikuwa ya zamani, na mtandao wa kubahatisha. Ukurasa wangu ulipomaliza kufunguka, mzee alikuwa keshasinzia.

Nikaanza kupunguza. Nikafuta nafasi tupu na maelezo yote ndani ya msimbo, na majina marefu niliyoyatumia humo nikayafanya herufi moja moja. Hapo nilikuwa sawa. Kisha nikabana maneno yenyewe: kila "Shikamoo" ikawa s1, "wakulima" ikawa w1, "mbaazi" ikawa m1, "bei" ikawa b1, na kipande kidogo cha msimbo kikapewa kazi ya kuyarudisha yakifika kwenye simu. Tamaa ikanishika. Nikaona hicho kipande nacho kinachukua nafasi, nikakitupa! Kwenye kompyuta yangu mambo yalionekana safi, kumbe ilikuwa inanionyesha ukurasa wa jana iliouhifadhi.

Mzee akaufungua mbele ya ukoo mzima, amevaa koti lake la kanisani. "Umefunguka upesi!" akasema kwa furaha, akaanza kusoma kwa sauti: "s1 w1. m1 b1..."

Shangazi mmoja akauliza, "Hiyo ni Zaburi ya ngapi?"

"Shikamoo, baba," nikasema, nikimsomea ile s1.

"Marahaba. Afadhali wewe umeitamka yote."

Nilitamani ardhi ipasuke. Neema akanitazama kutoka mlangoni. "Nikija kwako, utaniita n1?"

Ukoo ukaangua kicheko, na kicheko hicho ndicho kilichoniokoa. Nikafungua kompyuta yangu, nikakirudisha kile kipande palepale kutoka kwenye nakala ya zamani, na mzee akaufungua ukurasa upya. Mzee akasoma salamu yake yote, akavua miwani. "Haya, sasa tuongee."

Kwa hiyo mwanangu, bana msimbo utakavyo, lakini tunza ile nakala ndefu yenye majina yanayoeleweka, na usitupe kinachorudisha maneno kuwa maneno. Kisha jaribu kazi yako kwenye simu ya atakayeitumia, siyo kwenye mashine yako inayokupendelea. Mungu akujalie kazi yako ifike upesi, na ifike nzima. Ukipata mchumba, mwite jina lake lote.

Ngoja nikaangalie kuku. Namsikia Neema ameanza kusimulia.