Visu Vilivyobaki Bila wa Kuvitambua

Yule bwana wa Beni aliyekusanya visu vya kukunja vya zamani amefariki, kwa malaria, si kwa risasi, na siku hizi za vita watu wanaitaja hiyo kama bahati. Niwaambie ukweli, wasomaji wangu: habari iliponifikia hapa Butembo, kabla sijasikitika niliwaza visu vyake. Yeye alikuwa na sanduku zima. Mimi ninavyo vitano.

Wivu wangu ni wa siku nyingi. Niliwahi kupata sokoni kisu kizee, cheusi kwa kutu. Nikakisugua kwa unga wa tofali asubuhi nzima mpaka kikang'aa kama kioo, nikateremka Beni kumtambia. Alikifungua, akatazama shina la ubapa, pale fundi anapogonga alama yake, akacheka. «Mwana, umefuta jina ya baba yake. Sasa huyu ni yatima.» Mke wake naye akacheka. Yule bwana akanisogezea kigoda: «Ikala, nikuonyeshe namna ya kusoma zengine.» Nikajibu: «Mais niko na haraka, baba.» Sikuwa na haraka yoyote, nilizungukazunguka mjini nimenuna mpaka gari likajaa. Na ndivyo ilivyokuwa kila mara. Yeye anafumba macho, anakunja kisu karibu na sikio, springi inalia, anasema hiki ni cha wapanda kahawa, hiki kilitoka misioni. Mimi naitikia ndiyo, ndiyo, kana kwamba nilishajua.

Kisha wakaja Beni wakimbizi wa Eringeti, kijiji cha kaskazini. Waliotaka kuendelea hadi Butembo waliogopa bariere za askari wanaopekua watu barabarani, maana mwanaume akikutwa na kisu mfukoni anaitwa mwasi. Basi walimwachia yeye visu vya baba zao. Hakuandika kitu. Alikumbuka kila kisu na mwenyewe.

Kule matangani mjane aliniita uani. Dada mmoja wa Eringeti alikuwa amefuata kisu cha baba yake aliyeuawa, na sanduku lilikuwa wazi juu ya mkeka. «Bwana yangu alisema, kama yeye hayiko, tuulize ule kijana wa Butembo, anazijua zote.»

«Ilikuwa na mpini ya pembe,» dada akasema. «Baba alikuwa anakatia nayo tumbako.»

Vya pembe vilikuwa saba. Nikakunja kimoja karibu na sikio, nikakunja cha pili. Vyote vililia sawasawa.

«Donc, ni gani?»

«Sijui, dada. Alitaka kunifundisha, mi nilikataa.»

Alivipapasa kwa muda mrefu, akainua kimoja. «Pengine ni hii?» Sikuweza kumwambia ndiyo.

Bado namwonea wivu, kuliko hata zamani, maana aliniamini na mimi sikustahili. Vita hivi vinatuondolea watu wanaojua mambo, na wengine tunawapoteza wenyewe, wangali hai, kwa kiburi tu. Kama kuna mtu unamwonea wivu kwa anachojua, mwendee na wivu wako huohuo, umwambie hujui. Aibu ya kulisema neno hilo mbele ya mwalimu ni ndogo. Mimi nililisema mbele ya mfiwa.