Kona Niliyoipaka Rangi

Siku yangu ya kwanza katika yadi ya kuuzia trela ya Oakdale, huku ughaibuni, mwanzoni mwa miaka ya 2010, msimamizi hakunipa hata spana. Aliniingiza ndani ya trela ya kulala, zile nyumba ndogo ambazo watu wa huku huzivuta kwa gari kwenda ziwani, akaniambia nibonyeze ukuta kwa kidole gumba, chini ya dirisha. Ukuta ukabonyea.

"Mwenyewe anasema haijawahi kuvuja," aliniambia. "Wote husema hivyo. Wewe sikiliza gumba."

Nililisikiliza miaka tisa. Maji yakipenya paani, plaiwudi huoza ndani kwa ndani huku ukuta unang'aa. Nilijifunza kunusa makabati. Kila Oktoba tulifunga msimu, yaani tulitoa maji mabombani na kujaza dawa ya rangi ya waridi isiyoganda, maana barafu hupasua bomba. Nilipohamishiwa tawi la Golden Valley, meneja alilalamika kwamba nawatazama wateja kama polisi. Nilimjibu kwamba wananipa sababu. Hata kanisani, mtu akishuhudia jambo zuri mno, gumba langu lilianza kuwasha.

Nilipostaafu, magoti yalikataa ngazi ya trela yangu mwenyewe, nikaamua kuiuza. Marehemu mke wangu alikuwa akitupikia maandazi humo baada ya wiki nzima ya zamu zake za hospitali, na droo moja bado inanukia iliki. Kona ya kitandani ilikuwa imeoza. Ningeisema, nani angeichukua? Ingeishia kuvunjwavunjwa, na hilo nisingelistahimili. Nikabandika plaiwudi mpya juu ya mbovu, nikapaka rangi.

Akaja baba mmoja Mkongomani na mkewe, watu wenye watoto watano. Waliingia ndani wakaikagua, hawakuuliza chochote. Nikawashuku papo hapo. Anayenunua bila maswali ana lake jambo.

"Haijawahi kuvuja," nikasikia mdomo wangu ukisema.

"Bon, papa, tuombe kwanza," akasema yule baba. Kwao gari au nyumba haichukuliwi bila maombi. Akafumba macho, akamshukuru Mungu kwa ajili ya mzee mkweli. Mimi nilifumbua jicho moja, mazoea ya kazi. Mkewe naye alikuwa macho wazi ananitazama, gumba lake likiwa pale pale konani.

Maombi yalipofika amina, nilishindwa kuitikia.

"Inavuja," nikasema. "Hapo uliposhika, mama."

"Tuliona rangi mupya, papa," akajibu kwa upole. "Bwana yangu ni fundi mbao. Alisema tuombe kwanza, pengine mzee atasema."

"Sasa itikia amina," mumewe akaniambia. "Hiyo kona nitaitengeneza."

Waliivuta trela siku hiyo hiyo. Ilipokata kona ya mtaa wetu nililia, sioni haya kusema. Yale maombi nayashuku mpaka leo. Miaka tisa nilibonyeza kuta za watu, na fundi aliyenishinda alinibonyeza mimi huku amefumba macho.