Magari ya Mume Wangu Turffontein

Mume wangu alijifunza kuunda mikokoteni kwa baba yake, Tanga. Tulipohamia Johannesburg alikodi banda Turffontein, akawa anawatengenezea waokota vyuma chakavu magari ya kukokotwa na farasi. Mwaka 2016 farasi wa mteja mmoja alikufa, na yule mteja akauliza kama gari lake haliwezi kutiwa injini ya pikipiki. Mume wangu alihangaika nalo wiki kadhaa. Siku lilipokwenda lenyewe mpaka kwenye robot, zile taa za njia panda, na kurudi, majirani walitoka kulitazama. Tangu hapo wateja wote wakataka ya injini.

Ndipo akaanza kuja Mkongo mmoja, mlinzi wa maghala, bado kavaa sare ya zamu. Haagizi kitu. Anasalimu kwa adabu, anainama, anachungulia chini ya kila gari.

"Huyu anatuibia ufundi," nilimwambia mume wangu.

"Au katumwa na polisi."

Akanunua turubai, na kila akimwona yule bwana anakuja, anayafunika magari.

Asubuhi moja nilimpa chai, nikamuuliza, "Kaka, hapa unatafuta nini hasa?"

"Dada, pikipiki yangu waliiiba. Nasikia moteri za hapa zinatoka kwa mtu moja wa mtaa wa Bertrams. Yangu naijua, iko na kovu ya kuchomelea ubavuni."

Mume wangu aliyasikia. Akaliondoa turubai, wakakagua gari moja moja. Haikuwamo. Yule bwana alishukuru, lakini aliondoka bila kumaliza chai.

Tulipobaki wawili nikauliza, "Huyo wa Bertrams anazitoa wapi?"

"Sijui."

"Na zile tulizokwisha kuuza?"

Akachukua simu, akampigia. Nilimsikia muuzaji akicheka. "Eish, mzee, wewe unataka injini au hadithi?" Baada ya hapo hakupokea simu zetu tena.

Miezi mingi banda lilitengeneza mikokoteni ya kusukuma tu. Baadaye mume wangu akaanza kununua injini mpya dukani. Bei ya magari ikapanda, wateja wakapungua. Gari la kwanza la namna hiyo lilinunuliwa na mama muuza mboga, ambaye hakuuliza chochote. Mume wangu alimweleza hata hivyo injini imetoka duka gani, akarudia, akarudia tena, mpaka yule mama akaanza kumtazama kwa wasiwasi.