Miche Iliyong'olewa Kando ya Mto Ruiru

Siku yangu ya kwanza katika kitalu cha miche pale Thika, wenzangu walinibandika jina la Mathe, yaani mama. Wao walikuwa vijana wa chuo waliokuja kujifunza kazi likizo ya Agosti. Mimi nilikuwa mtu mzima, niliyeacha shule darasa la saba wazazi wetu walipofariki, nikachuma kahawa ili wadogo zangu wasome. Meneja wa Kitalu alitangaza kwamba likizo ikiisha angeajiri mmoja wetu, yule ambaye miche yake ingekuwa imesimama. Kazi hiyo niliitaka kuliko kitu chochote, kwa maana kahawa ina msimu na wadogo zangu walikula kila siku.

Tulijaza udongo kwenye tyubu, vile vifuko vya nailoni vya kukuzia miche. Tulijifunza kukomaza, yaani kupunguza maji kidogo kidogo ili mche uzoee jua kabla ya kuhamishwa. Kisha nikapewa ukingo wa mto Ruiru, ambako watu walilima hadi majini na mvua ikabeba udongo wote. Nikavuta kamba, nikapanda mianzi na mizambarau kwa mstari ulionyooka, kama tulivyoelekezwa.

Kesho yake nikaikuta yote imeng'olewa. Lakini ilikuwa imelazwa vizuri, mizizi imefunikwa kwa majani mabichi. Mtu anayechukia miti hawezi kuihurumia hivyo. Nikamwendea Mama Njoki, aliyekuwa akipalilia sukuma wiki hapo karibu, na hakunificha.

"Ni mimi. Unavuta kamba kwa shamba langu halafu unapanda miti laini moja. Huo si mpaka? Kesho nitaambiwa huku chini ni kwa nani?"

Miaka ile ardhi ilinyakuliwa hivi hivi, na kwetu mimea iliyopangwa mstari ndiyo mpaka. Nikarudi kumwomba Meneja niruhusiwe kupanda bila kamba, kina mama wenye mashamba ya pale mtoni wachague mahali wenyewe.

"Bila laini nitakagua vipi, Mathe?"

"Wenyewe watakuonyesha, bosi."

Akacheka, akasema miche ikikauka nisimlilie.

Kina mama walipanda kila mmoja kando ya nduma zake, yale magimbi ya mtoni, nami nikiwafundisha kutoa tyubu bila kuvunja bonge la udongo. Likizo ilipoisha, Meneja alitembezwa mche kwa mche huku wakibishana wa nani umerefuka. Mama Njoki aliwaambia wenzake waache wivu. Yote ilikuwa imesimama.

"Jumatatu uje kazini na gambuti zako," Meneja akaniambia.

Baadaye nilipelekwa Ngoliba, kwenye ukame, nikafundisha habari za migunga na mwarobaini. Nimestaafu nikiwa Afisa wa Elimu ya Mazingira, na wadogo zangu wote walimaliza shule. Nyinyi mnaoanza, mkikuta kazi yenu imeng'olewa, mtafuteni aliyeing'oa kabla hamjaita askari. Mketi naye chini, mumuulize anaogopa nini.