Uji Mwepesi Niliompa Shabani

Hapana, Rukia, usiniambie mtoto ameshiba kwa sababu amelala. Hata mtoto aliyechoka kulia analala. Na usinirudishie lile neno ulilonitupia jana pale bombani, mbele ya ndoo za watu, kwamba uji wa bibi ni mila yetu, bibi katulea nao wote, na kwamba mimi ni mama mdogo wako kwa jina tu, nimekuzidi miaka tisa, nasaha niwaachie wazee. Mimi ni mdogo wake mama yako. Hata ningezaliwa juzi ningekuita mwanangu na wewe ungeitika. Basi itika. Nimeamua kukuandikia kwa sababu ana kwa ana tutagombana, unanijua, na mimi najijua. Na binti mwingine yeyote mwenye mtoto wa miezi sita kwenda mbele, maneno haya ni yake pia.

Mimi sikusomea mambo haya. Darasa la saba nimeishia. Ninayoyajua nimeyapata kwa kuuliza mpaka manesi wakanichoka, kwa kusoma nyuma ya kadi ya kliniki, na kwa kukosea. Kukosea ndiko kulikonifundisha zaidi.

Mwanangu, ulikuwa bado unakimbia na sare ya shule nilipoolewa Njinjo. Hebu fikiria, mtoto wa Kisiwani, niliyekulia kwenye chumvi, najua kumtoa pweza shimoni tangu sijaota meno ya ukubwa, napelekwa kwa wakulima, kwenye mpunga na ufuta, ambako samaki wao ni kambare na wanamsifia! Mume wangu alikuwa mtu mwema, bado ni mtu mwema. Ila nyumba ilikuwa ya mama yake, Bi Zuhura. Mwanamke mfupi, mweusi wa kupendeza, sauti yake unaisikia kabla hujaiona nyumba. Mimi na yeye tulikuwa watu wawili wa moto kwenye jiko moja.

Shabani nikamzaa hapo. Miezi sita ya kwanza nilimnyonyesha tu, sikumpa hata tone la maji, na kwa hilo sijilaumu. Alikuwa mnene, mapaja yamejikunja kama maandazi. Ilipotimia miezi sita nesi akaniambia sasa anza chakula. Nikarudi nyumbani nimefurahi, nikafanya kile nilichomwona mama yangu akifanya kwa wadogo zangu. Unga wa muhogo, konzi moja, kwenye sufuria ya maji tele. Sukari kidogo. Nikakoroga mpaka ukawa mwepesi, unaona chini ya kikombe. Nikautia kwenye chupa, na ile chuchu nikaitoboa kwa sindano ya moto ili uji upite vizuri. Nilijiona mama hodari kweli.

Bi Zuhura alikuwa anapepeta mchele. Akanyanyua chupa, akaitazama kwenye mwanga wa jua.

"Mkwe, huu ni uji au umesuuza sufuria?"

Rukia, ungeniona. Damu ilipanda mpaka masikioni. Nikamwambia, "Mama, uji huu umenilea mimi. Na mimi nimesimama hapa mbele yako, mzima, nakujibu."

"Kujibu naona unajua," akasema. "Ila mtoto huyu ana miezi sita, anataka kutafuna dunia. Nitwange mchele kidogo na ufuta, tumkoroge uji wa maana."

"Mama yangu katulea watano na uji huu. Unataka kusema mama yangu alikuwa hajui kulea?"

Yeye hakusema hivyo. Alizungumzia uji tu, mimi nikasikia anamtukana mama yangu. Na ukimgusa mama yangu, mwanangu, mimi sina breki. Toka siku ile nikaapa, Shabani atakula uji wa Kisiwani na si mwingine. Nikawa nasimulia kila nilipokaa, mtoni tukifua, shambani tukivuna ufuta, kwamba kwetu pwani tunajua kulea, uji wetu mwepesi hauumizi tumbo la mtoto, nyie wa bara mnawashindilia watoto kama magunia. Wanawake wa Njinjo wakanitazama tu. Wengine walicheka. Mmoja, jirani yetu, akaniuliza, "Sasa wewe mwenyewe ukitoka shamba unakunywa uji huo huo?" Nikamwambia ashike adabu yake.

Mwezi wa kwanza Shabani alikunywa chupa tatu, nne kwa siku. Tumbo linajaa, limekaza kama ngoma. Anakojoa, analala, anaamka analia. Nampa tena. Na kwa kuwa tumbo limejaa, hata ziwa akawa analikataa, ananyonya kidogo anageuza uso. Yale mapaja yakaanza kulegea. Mimi nikasema ni kwa sababu anajifunza kutambaa.

Kliniki nikampeleka. Wakamning'iniza kwenye mzani kwa ile suruali ya kitambaa ya kupimia, akapiga mateke. Nesi akaandika kwenye kadi. Akarudia kupima. Yule mstari uliokuwa unapanda tangu azaliwe ulikuwa umelala, na ncha yake imeanza kuinama.

"Mama, unampa nini?"

Nikamwambia. Akaniuliza uji unafananaje, nikamtolea chupa kwenye kikapu. Akaitikisa.

"Mtoto anashiba maji huyu. Hapa hamna chakula."

"Huu uji ni wa mama yangu," nikasema, na sauti ilishapanda. "Na wewe humjui mama yangu."

"Mama yako nitamjulia wapi, dada? Mimi nazungumzia chupa."

Benchi zima likacheka. Nikamchukua mwanangu, hata suruali ya mzani sijamvua, nikatoka nayo. Iliniletea aibu nyingine, maana kesho yake ilibidi niirudishe.

Sasa Bi Zuhura. Mtu mwingine angeninyang'anya mtoto, au angenisemea kwa mwanawe anipige marufuku. Hakufanya hivyo. Alichukua simu, akampigia mama yangu. Kumbe namba alikuwa nayo siku zote. Akamwambia maneno mawili matatu tu: njoo umwone mjukuu wako.

Siku aliyokuja mama naikumbuka mpaka rangi ya kanga aliyovaa. Kavuka kutoka Kisiwani asubuhi, kapanda gari Masoko, na toka Nangurukuru akabebwa na pikipiki kwenye vumbi mpaka kope zimekuwa nyekundu. Nilimkimbilia barabarani. Nilijisemea moyoni, leo watanyamaza wote. Leo mwenye uji wake kaja.

"Shikamoo mama!"

"Marahaba. Mtoto yuko wapi?"

Hata maji hakunywa. Akampokea Shabani, akampakata, akamshika paja kwa vidole viwili. Akamgeuza, akamwangalia nyuma ya masikio. Akaomba hiyo chupa. Akaifungua, akajimiminia uji kwenye kiganja. Uji ukapita katikati ya vidole, ukateremka mpaka kiwiko, ukadondoka chini. Kuku wakaja.

"Nani kakufundisha hivi?"

Nikacheka. Nilidhani ananitania. "Wewe mama. Si ndivyo ulivyotulea?"

Rukia, mama yangu, bibi yako, hana tabia ya kulia. Na siku ile hakulia. Ila alijifuta uji mkononi kwa pindo la kanga, na Bi Zuhura, aliyekuwa amekaa pembeni na ungo wake, akainuka taratibu aingie ndani atupishe. Mama akamwambia, "Kaa, mwenzangu. Umeniita, sikiliza."

Halafu akanigeukia.

"Mwaka ule unaoukumbuka wewe, baba yako alikuwa kalala kitandani, mgongo umekataa. Mashua ya watu imerudishwa kwa wenyewe. Kwenye nyumba unga ulikuwa bakuli moja, na nyie watano mnanitazama. Ningeukoroga mzito angekula mmoja. Nikautia maji mengi ili kila mmoja apate kitu cha moto tumboni, mlale, kukuche, niende maji ya bahari yakitoka nitafute chochote miambani. Nilikuwa nawadanganya matumbo, mwanangu. Sikukufundisha. Wewe ulikuwa unaangalia tu, na mimi sikuwahi kukwambia kwa sababu naona haya."

Akanyoosha mkono kuonyesha nyuma ya nyumba, ambako mpunga wa mume wangu ulikuwa umejaa mpaka mlango wa ghala haufungi.

"Wewe una vyote hivi. Unamkorogea mtoto maji kwa sababu gani?"

Miezi miwili nimezunguka kijiji kizima nikijisifia uji wa mama yangu, kumbe nilikuwa natangaza njaa yake. Kila mwanamke mzima aliyeniona na chupa ile alijua. Bi Zuhura alijua tangu siku ya kwanza, ndiyo maana baada ya siku ile hakunibishia tena. Na mwanangu ndiye aliyekuwa analipa kwa nyama ya mwili wake.

Nikamshika Bi Zuhura magoti nikamwomba radhi. Akanisukuma bega. "Inuka huko, utachafua kanga. Washa moto."

Wale bibi wawili wakaingia jikoni, na hapo tena nikajua hasira zangu nimezirithi wapi. Huyu anataka mchele utwangwe laini zaidi, yule anasema inatosha, mtoto si mgonjwa. Huyu anatia ufuta uliokaangwa na kutwangwa, mama yangu anauliza hamna nazi nyumba hii? Walibishana mpaka moto ukazimika mara mbili. Uji ukatoka. Mzito, mwanangu, ukiinamisha kijiko haukimbii, unadondoka kwa uvivu. Wakanipa kikombe na kijiko kidogo, chupa mama akaitumbukiza mwenyewe shimo la choo.

Kijiko cha kwanza Shabani alikitema chote kwenye kanga ya Bi Zuhura. Cha pili akakikunjia uso kana kwamba amelishwa shubiri. Nikataka kumbana pua ameze, mama akanipiga kibao cha mkono. "Muache. Hajakikataa, hajakijua." Tukamwacha. Tukajaribu tena jioni. Kesho yake akameza vijiko viwili, keshokutwa akafungua mdomo mwenyewe kabla kijiko hakijafika. Bi Zuhura alipiga vigelegele hadi jirani yule mwenye maswali akaja kuuliza kuna harusi gani.

Mwezi uliofuata mstari ukanyanyuka. Kidogo, lakini ukanyanyuka. Nesi hakunicheka. Alinionyesha nyuma ya kadi, nikaisoma yote palepale, na nisichokielewa nikamuuliza. Mpaka leo, nikienda, ananiita Mama Uji. Sikasiriki. Alhamdulillahi, Shabani wa leo unamwona, anamaliza sahani yake na kuangalia ya mwenzake.

Bibi yako kaniruhusu nikwambie haya. Nilimpigia jana nilipotoka bombani, nikamweleza ulichosema. Kasema, mwambie, nimeshaona haya ya kutosha, haya yangu yasimkondeshe kitukuu.

Basi sikia, mwanangu. Nakwambia kama mtu aliyeungua. Mtoto akifika miezi sita mpe chakula, na ziwa usiache, endelea kumnyonyesha kama kawaida. Anza na vijiko viwili vitatu, uongeze kadiri anavyokua. Uji uwe mzito wa kukaa kwenye kijiko. Unga peke yake hautoshi hata uwe mzito vipi: mtwangie karanga au ufuta, msagie dagaa, mpondee samaki ukishapitisha vidole kutafuta miiba, na upitishe tena. Kunde zipo, boga lipo, mayai yapo, papai linaoza chini ya miti yenu. Kitu kipya mpe kimoja, ukae siku mbili tatu umwangalie, ndipo umpe kingine, ili kikimdhuru ujue ni kipi. Tumia kikombe na kijiko, chupa ngumu kuisafisha. Nawa mikono yako na yake. Akikataa usimshindilie, usimpigie kelele, jaribu tena baadaye. Kliniki usikose, na mstari ukilala usigombane na mzani kama mimi, uliza.

Na lililo kubwa kuliko yote: mtu akikwambia uji wako mwepesi, hajamtukana bibi yako. Ukimpenda bibi, muulize kwanini alifanya alivyofanya. Mimi nilimpigania mama yangu miezi miwili na sikumuuliza swali moja.

Mungu amkuze mwanao, amtie nyama kwenye mifupa na kicheko kwenye uso. Akupe subira ya mkono unaorudisha kijiko mara kumi. Akuepushe na shida ile aliyoipata bibi yako, usije ukalazimika kumdanganya mtoto tumbo.

Nimemaliza, Rukia. Sasa usinizungushe: leo asubuhi umemlisha nini mtoto?