Pazia la Rangi ya Papai

Mganga hajigangi, na fundi wa mapazia aliishi katika nyumba iliyovaa makapi. Dirisha la sebuleni lilikuwa na kipande cha kijani kilichobaki kwenye mapazia ya ofisi fulani. La jikoni lilikuwa na kitambaa cha maua ambacho mteja mmoja alikikataa baada ya kugundua kwamba maua yote yametazama chini. La chumbani, alikolala na mumewe tangu waoane, lilizibwa kwa shuka kuukuu lililokatwa katikati. Mumewe, ambaye alikuwa kinyozi, hakuchoka kuwaambia wageni kwamba mke wake amevisha madirisha ya mtaa mzima akaacha ya kwake uchi. Mke alicheka, akaahidi kwamba mwezi ujao atashona, na mwezi ujao ukaja na wateja wengine.

Hao wawili waliitana kwa kazi zao. Yeye aliitwa Fundi, mumewe Kinyozi. Binti yao wa pekee, ambaye sasa alikuwa mwalimu katika shule ya bweni mbali na nyumbani, aliwahi utotoni kuandika hivyo shuleni alipoulizwa majina ya wazazi wake, na mwalimu wake akadhani ni utundu.

Fundi alikuwa na namna yake ya kufanya kazi, na hakuna aliyeweza kumtoa hapo. Mteja akija kibarazani, akanyoosha kidole kwenye jora na kusema, "Nishonee hiki," Fundi hakupima wala hakukata. Alichukua vipande vya sampuli, akaenda navyo nyumbani kwa mteja, akavining'iniza dirishani kimoja kimoja kwa vibanio vya nguo, kisha akamketisha mwenye nyumba karibu na dirisha na kumtazama usoni. Alisema kitambaa kina rangi mbili: ile unayoiona dukani mwanga ukikiangukia, na ile inayoingia chumbani mwanga ukikipenya, na hiyo ya pili ndiyo utakayoishi nayo.

"Pazia halivaliwi na dirisha," aliwaambia. "Linavaliwa na waliomo ndani."

Bwana mmoja aling'ang'ania kijani kibichi kwa sababu ndiyo rangi ya timu yake. Fundi hakubishana naye. Alibana kipande dirishani, akamketisha mke wa yule bwana pale, na bwana mwenyewe akasema basi, yaishe, mke wangu anaonekana kama mtu aliyekula kitu kibaya. Wapo waliomtania. "Fundi, macho hayana pazia, nawe unataka kuyashonea!" Yeye alitabasamu tu, vibanio mdomoni, akaendelea kutazama nyuso za watu.

Kisha ini la Kinyozi likaanza kuharibika. Alikonda, akafunga kibanda chake cha kunyolea, akalazwa, na hatimaye daktari akamwita Fundi pembeni kwenye korido. Daktari huyo alikuwa mama wa makamo asiyependa kuzungusha maneno.

"Mama, sitakudanganya. Tutampa dawa za kutuliza maumivu, lakini zaidi ya hapo hatuna la kufanya. Mpeleke nyumbani apumzike. Wewe angalia macho yake na ngozi yake. Ukiona umanjano umekolea, usingoje. Waite watu wake, kwa sababu baada ya hapo usingizi utamzidi, na hataweza tena kuongea nao."

Fundi alimpigia simu binti yake siku hiyohiyo. Shuleni kulikuwa na mitihani ya mwisho, na wanafunzi wa binti huyo ndio waliokuwa wakimaliza.

"Mama, wewe ndiye unayemwona kila siku," binti alisema. "Ukiniambia njoo, naacha kila kitu nakuja. Usiponiambia, nitamaliza mitihani kwanza. Ila nataka nimkute anaongea. Hilo tu."

"Nitamwangalia mwenyewe. Nikiona manjano tu, nakupigia."

Basi yote yakabaki juu ya macho ya Fundi, na Fundi aliyaamini macho yake. Kama kuna mtu mtaani pale aliyejua kutofautisha rangi na rangi, ni nani kama si yeye?

Chumba chao kilitazamana na ukuta mweupe wa jirani. Jua lilipoupiga ukuta ule, mwanga ulirudi mkali na kupita kwenye lile shuka kuukuu kama halipo, na Kinyozi akawa anajifunika uso kwa mkono kuanzia asubuhi. Siku ya tatu tangu arudishwe nyumbani alimwita mkewe.

"Fundi, leo na mimi ni mteja. Nishonee."

Fundi alicheka, kisha akaenda kulia jikoni. Alipomaliza alinawa uso, akachukua sampuli zake na vibanio, akafanya kama anavyomfanyia mteja yeyote. Alianza na samawati, na Kinyozi akaonekana kama mtu anayesikia baridi. Akabana kitambaa cha rangi ya maziwa, akakitoa upesi kabla mumewe hajasema neno. Akabana kile chekundu kizito ambacho watu hukiita damu ya mzee.

"Hicho hapana," Kinyozi alisema. "Damu ya mzee ninayo yangu, na imeshaharibika."

Ndipo akabana kitambaa cha rangi ya papai lililoiva. Uso wa Kinyozi ukarudi. Mashavu yakajaa, midomo ikapata damu, na pale kitandani akawa amelala yule kijana mwenye majivuno aliyemwambia miaka ile kwamba mkono wake haujawahi kumkata mtu sikio.

"Hiki," Fundi alisema. Katika kazi yake yote hakuwahi kumtangulia mteja kuchagua.

Akalishona pazia jioni ileile, bila bitana, ili mwanga upenye. Na kwa kuwa mwanga wa nje ulimuumiza Kinyozi, pazia halikufunguliwa mchana, na usiku chumba kilikuwa na balbu ya mwanga wa njano. Majirani walikuja kumjulia hali, wakatoka wakisema mzee amenawiri, mzee anarudi. Fundi aliwasikia na moyo wake ukainuka. Kila asubuhi aliketi ukingoni mwa kitanda, akainua kope la mumewe kwa kidole gumba, akatazama. Alitazama kwa uaminifu wote, hilo lazima lisemwe. Lakini weupe wa jicho ulikuwa na rangi ya papai, na mto ulikuwa na rangi ya papai, na ukuta, na mkono wake mwenyewe. Kitu kilichofanana na vyote vilivyokizunguka hakingeweza kuonekana kigonjwa. Akatoka, akapiga simu.

"Hayajabadilika, mwanangu. Maliza mitihani."

Aliyasema hayo mara nyingi, na kila mara aliamini anachosema.

Siku moja Kinyozi aliomba anyolewe. Fundi alimnyoa polepole, kisha akamshikia kioo, kile kikubwa chenye mkono kilichotoka kibandani. Kinyozi alijitazama kwa muda mrefu. Akainua kiganja chake, akakigeuza huku na huku mbele ya kioo.

"Umenipaka rangi, Fundi."

"Umependeza."

"Nimependeza," alikubali, akarudisha kioo. Baadaye kidogo akauliza, "Mwalimu anakuja lini?" Hivyo ndivyo alivyomwita binti yake.

"Shule ikifunga."

"Haya," Kinyozi akasema, na hakuuliza tena.

Wiki iliyofuata mkono wake ulianza kutetemeka. Asubuhi moja kikombe kilimponyoka na chai ikarukia pazia. Fundi alilishusha, akaenda kulifua uani. Alilisugua, akalisuuza, akalitandaza kwenye kamba, akarudi chumbani huku mikono ingali inadondosha maji, ili atundike lile shuka la zamani kwa muda.

Hakulitundika. Jua lilikuwa limeupiga ukuta wa jirani, na mwanga mweupe umejaa chumba kizima, na mumewe alikuwa wa manjano. Shingo, kifua, viganja, hadi chini ya kucha. Macho ndiyo yalikuwa zaidi. Haukuwa umanjano wa jana wala wa juzi; ulikuwa umekolea zamani, nao umekuwa ukimtazama kila asubuhi alipoinua kope. Fundi aliketi ukingoni mwa kitanda. Alikumbuka kitambaa cha rangi ya maziwa na jinsi alivyokibandua upesi dirishani. Alikitoa kwa sababu kilisema kweli. Watu husema mficha maradhi kifo humuumbua, na yeye hakuwa ameficha kwa kukusudia, lakini alijua kwamba hilo halimpunguzii kitu. Aliona aibu, na juu ya aibu aliona hofu.

"Ulijua?" alimuuliza mumewe.

Kinyozi alikuwa amejikinga macho kwa mkono. "Nimeshika vioo maisha yangu yote, Fundi. Mteja akitaka kujua kama amenyolewa vizuri, anakichukua kioo anasogea nacho mlangoni."

"Sasa mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa umefurahi. Nilikuwa sijakuona ukifurahi tangu niugue."

Fundi alitoka uani akapiga simu. Hakusalimia. "Njoo. Njoo leo. Nimekosea, mwanangu, nilikuwa naona vibaya."

Binti hakuuliza alikosea nini. Alisema anaondoka, na kwamba kwa vyovyote hatafika kabla ya kesho jioni.

Pazia lilikauka upesi. Kinyozi aliliona mkononi mwa mkewe likiwa limekunjwa, akamwita karibu. Sauti yake ilikuwa imeanza kuwa nzito, maneno yakitoka kama mtu anayeamshwa.

"Lirudishe. Mwalimu akija asinikute hivi. Aondoke na sura nzuri."

Fundi alisimama na lile pazia akilipapasa pindo. Alilitaka lirudi kuliko hata alivyolitaka mumewe. Angelitundika, mtoto angeingia, angemwona baba yake ana uso wake wa zamani, na wote watatu wangekaa mle ndani kwa raha. Kisha akaliweka sandukuni, akafunga kifuniko, akaenda kwenye cherehani na jora la rangi ya maziwa. Alishona pazia jepesi, la kupunguza ukali wa ule ukuta tu, akalitundika mbele ya macho ya mumewe.

"Nisamehe, Kinyozi. Umekuwa mteja wangu mara moja tu maishani, na lile nililishona kwa ajili yangu mwenyewe. Hili ndilo lako."

"Atalia," Kinyozi alisema.

"Alie. Afadhali alie wewe ukimsikia."

Kinyozi alinyoosha mkono, Fundi akaushika, wakakaa hivyo mpaka mwanga ukahama ukutani.

Binti alifika kesho yake jua likiwa bado halijazama. Alisimama mlangoni mwa chumba na begi begani, akamwona baba yake, akaona kila kitu kwa mara moja. Fundi alimwona mtoto wake akijishika mdomo.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, Mwalimu," Kinyozi alijibu. "Mitihani imekwenda vipi?"

Binti alilia. Alilia huku akimsimulia habari za mitihani, nani kachelewa, nani kakamatwa na karatasi kwenye soksi, na baba yake akacheka kidogo, akamwambia aketi upande wa mwanga amwone vizuri. Fundi aliwaachia chumba. Aliketi kwenye cherehani bila kushona, akasikiliza sauti mbili kupitia ukutani, na ile nzito ikawa inapungua. Walizungumza jioni ile, na asubuhi kidogo. Kisha usingizi ukamzidi Kinyozi kama daktari alivyosema, na kabla ya wiki kwisha walimzika.

Binti hakumlaumu mama yake. "Hata mimi nilitaka kusikia hivyo, Mama. Kila uliposema hayajabadilika, nilishukuru." Lakini Fundi alijua kwamba kungekuwa na jioni nyingi badala ya moja, na kuna siku aliliwaza hilo hadi akasahau sindano imesimama katikati ya kitambaa.

Shule ikafunguliwa, binti akarudi kazini. Kila Jumapili alipiga simu na kuuliza, "Unaendeleaje, Mama?" Na kila Jumapili Fundi alijibu kama wazazi wote wanavyojibu watoto walio mbali: "Salama tu, mwanangu. Ninyi je?" Kisha akaweka simu, akafunika cherehani yake kwa shuka, akarudi kulala mchana. Wateja walikuja kibarazani wakagonga, wakaenda zao. Sufuria zilikaa siku nzima bila kuguswa.

Jumapili moja simu ilimkuta chumbani, ameketi ukingoni mwa kitanda. Kile kioo chenye mkono kilikuwa kimeegemezwa ukutani, na pazia la rangi ya maziwa likaleta mwanga wake mweupe usiopendelea mtu. Fundi alimwona mwanamke ndani ya kioo. Mashavu yalikuwa yamebonyea, shingo imebaki mishipa, nywele hazijachanwa sijui tangu lini. Alimtazama jinsi alivyokuwa akiwatazama wateja, kwa utulivu, bila haraka ya kumsifu.

"Unaendeleaje, Mama?"

Salama ilikuwa tayari ulimini. Aliimeza.

"Siendelei vizuri, mwanangu," alisema. "Sili. Silali. Njoo."

Upande wa pili Fundi akasikia zipu ya begi ikifunguliwa.