Sadfa Niliyoipanga Kila Alhamisi

Mimi ni mtu wa kuchosha sana kutazama naye filamu ya zamani. Sifuati hadithi, natafuta sadfa. Nikiona ngazi ya mawe katika filamu moja, kisha niione ngazi hiyohiyo katika nyingine, naruka kutoka kitini na kusimamisha picha. Gari jeupe lenye taa iliyopasuka, shali ya shangazi mmoja mabegani mwa mama mkwe wa filamu nyingine, yote nayaandika kwenye daftari. Nilifundisha shule ya msingi miaka thelathini, nikastaafu, na hii ndiyo kazi niliyojipa.

Filamu zenyewe ni za Kihindi, za enzi ya picha nyeusi na nyeupe. Hunipa kwenye flashi jirani yangu hapa mtaa wa Section 58, Nakuru, mama mjane mwenye duka la vitambaa mjini. Siku nilipomwonyesha daftari alicheka mpaka akavua miwani.

"Mwalimu," alisema, "studio ilikuwa na ngazi moja tu. Sasa wangetoa ingine wapi?"

Nilimshukuru kwa adabu, nikaenda nyumbani, nikaendelea kuandika.

Ningeishia kuchekwa tu, kama si siku ya mahari ya binti wa mdogo wangu, anayelima viazi Olenguruone. Kwetu baba wa binti hafungui mdomo mbele ya wakwe. Husemewa na kaka yake mkubwa, na kaka huyo ni mimi. Asubuhi hiyo, nikiwa nimeshavaa koti, niliwasha filamu ninywe nayo chai. Gari lenye taa iliyopasuka likapita. Nikarudisha nyuma, nikasimamisha, nikafungua filamu nyingine kuhakikisha, kisha nyingine. Mimi niliyewapigisha wanafunzi magoti kwa kuchelewa dakika tano, nilichelewa saa nne nzima. Wakwe walikuwa wameshakunywa chai mara tatu kwa kukosa la kufanya, na mdogo wangu alikuwa amesimama mlangoni akitazama barabara. Hakunigombeza. Alinipa kiti, na tangu hapo hakunisemesha tena.

Niliona aibu, lakini kiburi kilikuwa kikubwa zaidi. Mdogo ndiye humsalimia mkubwa; mkosaji ndiye humwendea aliyemkosea. Mimi nilikuwa mkubwa na mkosaji kwa pamoja, basi nikachagua cheo kilichonifaa, nikangoja simu. Haikuja. Ndipo filamu ziliponipotosha mara ya pili. Humo ndugu waliopoteana hukutana tu, kwenye mvua au hospitalini, wakakumbatiana wakilia, na hakuna anayelazimika kuomba msamaha. Nikaona hiyo ndiyo njia yangu.

Kila Alhamisi mdogo wangu huleta viazi sokoni Nakuru. Nami nikaanza kuwa na shughuli huko kila Alhamisi. Nilizunguka karibu na lori lake na kikapu, nikijifanya nachagua vitunguu, nikiingojea sadfa ifanye kazi yake. Wiki ya nane mke wangu aliniuliza kama tunafungua duka la vitunguu. Wakati huo harusi ya binti yule ilikuwa imekaribia, nami habari zake nilizipata kwa watu wa kanisani. Niliogopa. Harusi hiyo ikipita bila mimi, nilijua sitarudi tena katika nyumba ile.

Alhamisi ya kumi na moja alishuka kutoka kwenye lori, akaja moja kwa moja mpaka niliposimama.

"Unanunua kitunguu tena?"

"Kumbe uko hapa!" nilisema, nikijifanya kushangaa kwa nguvu. "Hata sikujua..."

"Mzee, wacha. Nakuona kila wiki. Unajificha nyuma ya hizo gunia na kofia yako inaonekana."

Sikuwa na pa kwenda. Nilimwambia nimekosa, kwamba nilimwaibisha mbele ya wakwe, na kwamba nilinyamaza kwa sababu ya ukubwa wangu wa bure. Mama wa vitunguu akanipa leso nijifute macho.

Mdogo wangu alitazama viatu vyake. "Harusi ni Jumamosi," alisema. "Msemaji nilishapata mwingine. Lakini kuja. Kuja saa mbili asubuhi, usichelewe."

Habari ya msemaji mwingine iliniuma, na nilistahili. Ijumaa sikugusa filamu. Jumamosi, saa mbili kasorobo, nilikuwa langoni kwake na suti yangu. Hapakuwa na hema wala gari hata moja. Alikuja kunifungulia mwenyewe, amevaa gambuti, ndoo ya maziwa mkononi. Jikoni niliikuta kadi ya harusi juu ya meza: ibada ni saa sita mchana.

"Si uliniambia saa mbili?" nilimwuliza. "Ulijua tu nitachelewa."

Alinimiminia chai, akavuta kiti chake karibu na changu.

"Hiyo pia," alisema. "Lakini nilikuwa nataka tukunywe chai sisi wawili, kabla watu wafike."